Mimi na Jorge Martin, Wote Tulinyimwa Pikipiki

Kijiweni kwetu tuko madereva bodaboda kumi na wanane, na anayefuatilia mbio za pikipiki ni mmoja. Mimi. Waliobaki wanafuatilia watu ishirini na wawili wanaokimbia kwa miguu. Nikawauliza, nyie mnakula kwa mguu au kwa mashine? Mwenyekiti akanijibu kwamba pikipiki anaiona kutwa nzima, jioni macho yake yanataka kupumzika.

Kwenye kibanda umiza ndiyo usiseme. Jumapili saa tisa alasiri nikiomba niwekewe MotoGP, mwenye banda ananiangalia kama mtu aliyeomba taarifa ya habari katikati ya Simba na Yanga. "Hizo zinazunguka zinarudi palepale. Zinampeleka nani, wapi?" Basi naangalia kwa bando langu, kwenye simu iliyopasuka kioo, ambamo kila Ducati, pikipiki ya Mtaliano, inapita ikiwa na ufa katikati.

Lakini hayo nimeyazoea. Kinachoniuma ni usajili.

Mwaka 2024 Jorge Martin, Mhispania, alikuwa anaendesha Ducati ya Pramac. Pramac si kiwanda, ni tajiri mdogo anayepewa mashine na tajiri mkubwa. Hamu ya Martin ilikuwa kupanda hadi timu ya kiwanda chenyewe, na kila mtu akaona siti ile ni yake. Ndipo akatokea Marc Márquez. Huyu alikaa Honda misimu 11, akabeba ubingwa wa daraja la juu mara 6, akavunjika mkono Jerez, Hispania, mwaka 2020, akapasuliwa mara nne, na mwisho wa 2023 akaondoka mkataba ukiwa umebakiza mwaka mzima. Akaenda Gresini, tajiri mdogo mwingine, kuendesha Ducati ya msimu uliopita. Aliona heri mtumba wa Mtaliano kuliko mpya ya Mjapani.

Mwisho wa Mei kuamkia Juni, wikendi ya mbio za Mugello, Italia, Márquez akasema hadharani kwamba Pramac yeye haendi. Siku chache tu, siti ya kiwanda kapewa yeye. Martin hata hakusubiri matanga. Mbio zimeisha Jumapili, Jumatatu katangazwa Aprilia, kiwanda kingine cha Italia.

Nilishika kichwa. Maana mwezi uleule tajiri wangu alileta pikipiki mpya, siti bado ina nailoni. Mwaka mzima alikuwa ananiambia, "Inayofuata ni yako, kijana wangu." Ninayoendesha mimi ukipiga honi taa inazima. Ile mpya akampa dogo aliyehamia kutoka kijiwe cha stendi, eti dogo kaweka masharti: bila mpya haji. Masharti! Mimi sharti langu pekee katika kazi hii ni mvua isinyeshe, nalo halijawahi kutekelezwa.

Sasa mtazame Martin. Kanyimwa, lakini kamalizia msimu kwa yuleyule tajiri mdogo na kawa bingwa wa dunia! Pointi 508, Bagnaia wa timu ya kiwanda 498. Nilipowaambia kijiweni kwamba Bagnaia alishinda mbio 11 za Jumapili na Martin 3, walinicheka mpaka mama chapati akaja kuuliza kuna nini. Mwenye 11 anashindwaje na mwenye 3? Nikachukua kijiti nikawachorea mchangani. Jumapili wa kwanza 25, wa pili 20, wa tatu 16. Jumamosi kuna mbio fupi: 12, 9, 7. Ukianguka, sifuri. Bagnaia kule Malaysia Jumamosi kaanguka, Jumapili kashinda. Martin yeye ni wa pili, wa pili, wa tatu, tena wa pili. Ni kama hapa tu: kuna anayepata abiria wa airport mara moja kisha anashinda amelala juu ya tangi, na kuna sisi wa buku buku, ambao jioni hesabu ya tajiri imetimia.

Mwenyekiti akakitazama kile kijiti muda mrefu. "Kumbe huyo Martin ni wa kwetu."

Siku hiyo nikabandika namba 1, namba ya bingwa, kwenye helmeti yangu. Abiria wa kwanza aliyeiona akaniuliza, "Na namba 2 iko wapi, nivae mimi?"

Martin naye akahamia Aprilia na namba 1 yake. Februari 2025 majaribio ya Sepang, Malaysia, kaanguka, kavunjika. Msimu haujaanza, kaanguka tena mazoezini. Aprili karudi Qatar, kaanguka, mbavu nyufa 11. Mimi zangu hata sijawahi kuzihesabu! Akiwa bado anauguza, akasema anataka kuondoka, mkataba una kipengele kinachomruhusu. Aprilia wakasema hicho kipengele hakimsaidii. Julai akatangaza anabaki.

Neno "kipengele" likaninyima usingizi. Nikautafuta mkataba wangu, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la nyumbani kwa tajiri. Unasema: elfu kumi kila siku, miezi kumi na minne, Jumapili pia. Nikaugeuza nyuma. Kipengele pekee nilichokikuta kimeandikwa "maharage nusu, vitunguu vya mia tano".

Septemba ikaja Motegi, Japani. Jumamosi, kona ya kwanza tu, Martin kamwangusha Bezzecchi, mwenzake wa timu moja, na yeye mwenyewe kavunjika mtulinga. Kesho yake, saa mbili asubuhi, niko nje ya kanisa namsubiri mama niliyemleta ibadani, simu nimeificha ndani ya koti. Bagnaia wa kwanza, Márquez wa pili, na ubingwa wa daraja la juu mara ya 7. Márquez analia kule, mimi nalia hapa, kila mtu kwa sababu zake.

Mama akatoka, akaniona machozi. "Kijana, umeguswa na mahubiri?"

"Nimeguswa, mama."

Akaniongezea buku juu ya nauli, akasema Jumapili ijayo nisibaki nje, niingie nikae naye benchi la mbele kabisa, atanishikia nafasi. Jumapili ijayo ni Indonesia, saa nne asubuhi.