Arshitekti wa Goma akienda mu UX, anapata nini, anaacha nini

Nilirudi siku moja kuangalia nyumba yenye nilichora kule Himbi, kartiye ya hapa Goma, jiko ya ndani nikakuta bameijaza magunia ya makala na kinga moja ya zamani, mama anapikia inje ku babula yake juu moshi ya makala mu chumba yenye dirisha moja itaua batu. Plani yangu ilikuwa muzuri sana ku karatasi. Sikumuuliza hata siku moja anapikaga namna gani.

Sasa benzangu tulisoma nao banauliza kama baache ma plani baende mu UX, ile kazi ya kufuata mutu anatumia programu ya simu ujue anakwama wapi na juu ya nini.

Bale banasema ni kazi moja habadanganye kabisa. Arshitekti muzuri anakaa na mwenye parseli, anamusikiliza, anaangalia maji ya mvua inapita wapi, nani analala na nani, kiisha njo anachora. Ku UX ni vile vile, na kosa unaitengeneza kesho, lakini ngazi ukishaimwanga mu simenti utaiangalia mupaka uzeeke. Na bya kutafuta biko: tangu banki zifunge hapa Goma mu Janwari 2025 makuta karibu yote inapita ku simu, nenda soko ya Virunga uone mama anamupatia wakala simu yake pamoja na namba ya siri, juu menyu inajifunga mbele amalize kusoma. Ile hakuna mutu anaijua akikaa mu biro.

Lakini sisi tuko na ugonjwa yetu, tunachora jibu mbele ya swali. Ku shule tulipata pointi juu ya kutetea plani, kuibomoa hakuna mwenye alitufundisha. Jakob Nielsen, mutaalamu wa UX, aliandika mu 2000 kama batu 5 banatosha kukuonyesha makosa mengi ya programu, sawa, ila ukitwaa batano benyi kusoma Kifaransa benyi kukaa Himbi, yule mama wa Virunga utamukosa tena, na utatoka hapo na ripoti muzuri sana kama plani yangu.

Kiisha franga. Benyi kulipa hii kazi bako Nairobi, Kigali, Ulaya, banataka Kiingereza na intaneti yenye haikatike, na sisi hata umeme… wacha tu. Wengi, mi naona, habapendi UX, banakimbia shantie yenye bosi analipa nusu anapotea. Kama ni ile njo inakusukuma, hata kule utakuta bosi wa namna ile.

Mi nilirudi Himbi mara ya pili na kaye, kuuliza tu. Mama akacheka, akasema anataka paa kidogo juu ya babula, mvua isimuzimie moto. Niliandika vizuri majibu yake yote, na mbele nifike ku barabara nilikuwa nishaichora ile paa.