Ukumbusho wa vita Taveta: majina au maneno ya jumla?

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta, Kenya, Agosti 1914 na kuushikilia hadi Machi 1916. Mapigano ya kilima cha Salaita (12 Februari 1916), kisha ya Latema na Reata mwezi uliofuata, yalipiganwa karibu na mji huo. Mjini kuna makaburi ya kijeshi hadi leo. Lakini wapagazi wa Kariakor (kikosi cha wapagazi, Carrier Corps), waliobeba risasi na unga wa jeshi la Uingereza, wengi hawana kaburi linalojulikana. Basi mji wa namna hii ukitaka kuwakumbuka watu wake, askari na wapagazi, je, uchonge majina au maneno ya jumla tu?

Wanaotaka maneno ya jumla wana hoja nzito. Mpagazi alitambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye kibati, na karani asiyejua lugha yake aliandika alichosikia. Kuhara damu, malaria na nimonia viliua wengi kuliko risasi, mara nyingi njiani, mbali na daftari lolote. Orodha itakuwa na mapengo, na familia ambayo babu yao hayumo itaumia mara ya pili. Tena katika msako wa 1917 wengi walichukuliwa kwa nguvu, na kuwaita wote mashujaa waliojitolea ni kuwasingizia.

Hata hivyo, maneno ya jumla tumeshayajaribu. Sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 inamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Juu yake hakuna jina hata moja la aliyekufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwamba karne moja si kuchelewa mno, Cape Town imeonyesha: Januari 2025 ilifungua ukumbusho wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi, kila mmoja na nguzo yake ya mvule.

Kwa maoni yetu majina yachongwe, na dawa ya mapengo ni nafasi. Chukua kibao cha graniti cha sentimita 90 kwa 120. Ukiacha ukingo wa sentimita 10 kila upande na sentimita 16 za kichwa, zinabaki 84 za kwenda chini. Mstari mmoja kila sentimita 3 unatoa mistari 28. Kwa safu mbili, majina 56. Jaza yasizidi 37, theluthi iliyobaki iachwe wazi.

Herufi ziwe na kimo cha milimita 15 na zichongwe kwa kina cha milimita 3 hivi, maana rangi peke yake hubanduka kwa jua. Kibao cha shaba tusingekishauri: wezi wa vyuma chakavu hukifuata. Pini za kushikilia jiwe ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nondo ya kawaida ikipata unyevu huvimba kwa kutu na kulipasua jiwe kuanzia nyuma, na ufa huonekana wakati umeshachelewa.

Mpangilio uwe wa alfabeti, bila vyeo, askari na mpagazi wakichanganyika. Ukiwatenga, umerudia kosa lilelile la zamani. Andika jina la mtu na la baba yake. Neno “mashujaa” liachwe, paandikwe “waliokufa vitani, waliojitolea na waliochukuliwa kwa nguvu”. Kabla fundi hajagusa patasi, orodha ibandikwe kwa chifu, misikitini na makanisani kwa miezi mitatu, wazee wasahihishe tahajia. Herufi iliyokosewa kwenye karatasi hufutwa kwa kalamu. Kwenye graniti ni kununua kibao kipya.