Huyu Ana Shingo

Kwanza kabisa, sikukamatwa. Wale mliotumiwa sauti ya mwenzetu tunayemwita Redio, inayodai nilikamatwa uwanja wa ndege, ile yenye upepo wa bahari nyuma, ifuteni halafu msome hapa. Sikusafiria pasipoti ya mdogo wangu. Sina hata mdogo wa kiume. Sikulala gereza la Luzira. Na yule afande wa uhamiaji hakunizaba kofi. Uso ulikuwa umevimba kabla sijamfikia, na hapo ndipo kesi yote ilipo.

Mnaojua mambo ya kikundi chetu cha soko la Kisekka, Kampala, mnajua tuliweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya meli. Siyo feri ya Nakiwogo ya kwenda Kalangala. Meli yenyewe, ghorofa juu ya ghorofa, inang'oa nanga Dubai pale Port Rashid, usiku inatembea mmelala, asubuhi mnaamkia Abu Dhabi, mara Doha. Wazo lilikuwa la Hajati anayetuuzia chakula sokoni. Alirudi Umra akasema ndege ameshazizoea, sasa anataka maji makubwa. Mimi ndiye niliyeunga mkono kwa kelele kuliko wote. Nikashuka soko la Owino kutafuta kofia ya kapteni, nikaipata: nyeupe, nanga ya dhahabu mbele. Nikawa naivaa dukani. Mteja anaingia kuulizia plagi za Noah, anamkuta kapteni.

Binti wa wakala, tulipokwenda kulipa, aliniuliza kwa adabu, "Mzee, nikuwekee na bima ya safari?" Nikamuuliza ya nini. "Ukiugua kabla ya kuondoka, wanakurudishia pesa yako." Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Nikamwambia mimi tangu nizaliwe sijalazwa, mwandikie Hajati mbili. Hajati akalipa ya kwake kimya kimya. Redio naye akalipa, Redio ambaye hata kodi ya chumba hulipa kwa kusukumwa. Ile bima ilikuwa na bei ndogo kuliko kofia. Hilo mke wangu amenikumbusha mara nyingi kupita mahitaji.

Haya. Safari imekaribia, nikaanza kusikia maumivu chini ya sikio. Kijana wa duka la dawa akanitazama kwa mbali, kaunta ikiwa katikati, akasema jino la mwisho hilo linaota. Akanipa vidonge. Umri wangu huu na jino linaota, nami nikaamini, tena nikafurahi kidogo. Shavu la kushoto likajaa. Asubuhi ya safari la kulia nalo likasema halitaki kubaki nyuma. Mke wangu akanishikia kioo. "Baba watoto, hilo jino liko pande zote mbili?" Nikamwambia meno ni mengi.

Kwenye droo kulikuwa na barakoa za wakati wa korona. Nikavaa moja, kofia juu yake, nikabaki macho. Tukapita barabara ya kulipia kutoka Busega kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, zile shilingi 5,000 nikatoa mimi kwa madaha, kapteni hawezi kulipiwa njia. Kwenye kaunta ya ndege binti alikuwa na haraka, akaitazama kofia kuliko mwenye kofia. Sanduku likaingia kwenye mkanda, likaenda. Nikajua nimeshapita.

Kumbe kuna afande.

Mwanamke, mnene wa heshima, nyuma ya kioo. Alianza na Kiganda, akasikia ninavyojibu, akahamia Kiswahili. Na Kiswahili cha afande hapa kwetu Uganda mnakijua. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi; neno "tafadhali" naona bado liko njiani.

"Pasipoti." Nikatoa. "Kofia." Nikavua. "Na hiyo ya mdomo." Nikajifanya nakohoa. "Nimesema na hiyo ya mdomo."

Nikaishusha.

Akatazama picha. Akanitazama. Akatazama picha. Akaigeuza pasipoti nyuma, sijui alidhani uso mwingine umechapwa kwenye jalada.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, afande."

"Huyu ana shingo."

Jamani. Nikainua kidevu nimwonyeshe shingo. Nikaitafuta na mimi mwenyewe, kwa mkono. Kutoka sikioni unashuka moja kwa moja begani, hakuna kituo njiani. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nilijibu vizuri, naapa, lakini taya lilikuwa limegoma kufunguka, nikasikika kama mtu aliyebugia mandazi moto. Akaniambia nirudie. Nikarudia, yakawa mandazi mawili. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja, akatazama, akasema kwa sauti ya kutaka kusaidia, "Labda ni ndugu yake. Hawa ndugu huazimana."

Redio alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alichosikia ni hilo neno "ndugu" tu. Mengine yote mliyosikia alijitungia akiwa katikati ya Ghuba, ameshiba.

Alama za vidole ndizo zilizoniokoa. Nikaweka kwenye mashine, mashine ikakubali ni mimi. Vidole vilikuwa havijavimba. Afande akapumua, nami nikapumua, nikanyoosha mkono kuchukua pasipoti yangu. Hakuiachia. "Wewe ni wewe," akasema, "lakini hauko sawa. Muite musawo."

Musawo, yaani daktari, akaja na kipima joto chake. Nilikuwa na homa, 38 na ushee. Akaniweka vidole chini ya masikio, pande zote mbili, akabonyeza polepole huku anatazama dari. Akauliza, "Nyumbani kuna mtoto aliyevimba mashavu siku za karibuni?"

Hapo nikamkumbuka mpwa wangu. Dada alikuwa amemleta kwetu, amevimba, nami nikampa jina la Puto. Nilimcheka siku nzima. Nikamaliza na uji wake kwenye kikombe chake, maana mtoto alikuwa anashindwa kumeza, na mimi sipendi chakula kitupwe. Ugonjwa huu hukaa mwilini kimya wiki 2 mpaka 3 kabla ya kujionyesha. Ulikuwa unanisubiri nifunge sanduku.

"Ukila kitu kichachu, hapa panauma?"

Nikasema hapana. Nikaongeza kwamba ni jino.

Na hapo, ndugu zangu, Hajati akatoa sauti kutoka kwenye foleni. Yeye ni mtu wa kusaidia, Mungu amlipe anavyojua Mwenyewe. "Musawo, nina ndimu!" Alikuwa amezikata kabisa, ziko kwenye kibakuli cha plastiki, kwa ajili ya kichefuchefu cha melini.

Sasa hapa twende taratibu, kwa sababu Redio aliparuka.

Ilikuwa nusu ya ndimu. Zile za kijani za ganda jembamba, maji matupu. Musawo akasema lamba tu. Mimi nilitaka kumaliza mjadala wa jino mara moja, kwa hiyo nikaing'ata. Kwanza kimya. Hakuna kitu. Nikawazungushia macho wote waliokuwa pale, nikaanza kutabasamu kwa upande ambao ungali unaweza. Hajati akasema alhamdulillahi. Afande akaanza kuitafuta kalamu.

Halafu mate yakaitwa.

Msichokijua ni kwamba tezi za mate zinakaa pale pale chini ya sikio. Kichachu kikigusa ulimi, zinabanwa zitoe maji. Zangu zilikuwa zimevimba mpaka hazina pa kupitishia. Maumivu yakaanza kushoto, yakapanda utosini, yakakutana na ya kulia, yakasalimiana, yakashuka pamoja. Nilitaka kupiga kelele, taya likakataa. Kelele ikatafuta njia nyingine, ikatokea puani. Sijui niwaandikie vipi hiyo sauti. Mtoto mmoja wa kizungu aliyekuwa amelala juu ya mzigo aliamka. Mkono wangu ukatafuta cha kushika, ukamshika afande, mkono wake wa muhuri, kwa lile tundu la kioo. Nikaushika. Akasema, "Niachie." Siwezi. "Ssebo, niachie." Machozi yananitoka, ndimu bado iko mdomoni, maana taya lilikuwa limejifungia nayo ndani. Wanne walinitazama ninavyotokwa na maji ya ndimu kidevuni na hakuna aliyethubutu kunipangusa.

Kofia nilikuwa nimeibana kwapani. Ikadondoka. Ikasimama kwa ukingo, ikaanza kubingirika yenyewe, ikapita chini ya kile kizuizi, ikavuka mstari wa njano. Kofia yangu iliingia upande wa wasafiri. Mimi sikuingia.

Musawo akaandika kwenye karatasi yake, akasoma kwa sauti, kwa Kiganda, ili kila mtu afaidike: mambulugga. Matubwitubwi! Foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja, mguu kwa mguu, hata gwaride la Kololo halipangiki hivyo. Wale watoto wa kizungu tu ndio waliobaki walipo, kwao wanachanjwa. Chanjo ya watoto wetu ina surua na rubela, haya ya mashavu hayamo. Watu wakawa wananiangalia kwa ile huruma ya kumwangalia mtu mzima aliyejikojolea. Mwanamume, nina ndevu, nina duka lenye milango miwili.

Wakaniketisha kwenye benchi, peke yangu, mbali. Nikampigia binti wa wakala. Musawo alikuwa ameshasema siku 5 za kukaa mbali na watu tangu uvimbe uanze, na hata ningefika Dubai, melini kuna fomu ya afya na daktari wake langoni. Binti akanisikiliza, akaniambia pole, akanisomea masharti. Ukighairi mapema unapoteza amana. Siku zikisogea wanakata nusu, halafu robo tatu. Ukifika hapo nilipofika mimi, wanachukua zote. Nikamwambia nina barua ya daktari, ina muhuri wa serikali na wino haujakauka. Akasema, "Mzee, barua ya daktari inasomwa na watu wa bima. Watu wa meli hawaisomi."

Nikanyamaza kidogo. Nikamuuliza kama naweza kuinunua hiyo bima sasa hivi, hapa hapa benchini, kwa simu. Nyinyi mnacheka, lakini pesa ile ni injini nzima ya Hiace na chenji ya chai. Binti hakucheka. Alisema tu, kwa upole sana, "Mzee, umeshaniambia unaumwa."

Nikauliza kama mke wangu anaweza kwenda badala yangu. Tiketi ya ndege ni ya jina langu, viza ni ya jina langu, na orodha ya abiria wa meli imeshafungwa. Mke alinipigia baadaye kuuliza kama nilifikiria kumpa yeye. Nikamwambia ndiyo. Hilo limenisaidia kidogo ndani ya nyumba.

Mambo hayakuishia hapo, maana sanduku langu lilikuwa tumboni mwa ndege, na ndege haiondoki na mzigo wa mtu aliyebaki. Wakalitafuta. Abiria wamekaa, mikanda imefungwa, dakika zinakwenda, rubani akatangaza kwamba wanashusha mzigo wa abiria mmoja asiyesafiri. Hajati anasema ndipo Redio aliposimama na kuanza kuwaeleza watu wa viti vya jirani habari ya pasipoti. Mlango wa ndege haujafungwa, tayari nimeshakuwa mhalifu.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilirudi kwa gari la kukodi, madirisha wazi, dereva hakuniuliza kitu. Jirani akanipaka masizi mashavuni, yakapungua. Yeye anasema ni masizi. Redio tulikuwa tushiriki chumba, bei ya watu wawili, kwa hiyo amekilala chote. Kila jioni mhudumu wa chumba alikunja taulo likawa mnyama na kuliweka juu ya kitanda changu, kila jioni Redio akanitumia picha. Nimeletewa tembo, sungura na kitu ambacho Redio anadai ni mimi. Kofia Hajati aliiokota, nasikia aliivaa Doha. Kodi za bandari nimerudishiwa, hizo hutozwa kwa kila kichwa kinachopanda, na changu hakikupanda. Nilipoitoa hiyo pesa kwa wakala wa pesa za simu wakakata na ada yao.

Kuhusu wiki iliyofuata, wanaume mlioupata huu ugonjwa ukubwani mnajua uvimbe ukitoka mashavuni hupenda kuhamia wapi. Siandiki. Barafu ilihusika. Redio hajui, na atakayemwambia namjua.

Jana dada amekuja kunijulia hali na mpwa wangu. Mtoto amepona siku nyingi, mashavu yake ni ya kawaida. Akasimama mlangoni, akanitazama nikitoka chumbani kuja sebuleni, akamvuta mama yake gauni. "Mama, mjomba mbona anatembea hivyo?"

Dada akamwambia anyamaze amsalimie mjomba. Akakataa kunipa mkono. Amesema hataki kuambukizwa.