Eti hakulia, basi ndiye aliua

Kuna kesi ya familia iko koti ya Milimani hapa Nairobi, siitaji jina, nyinyi wenyewe mnaijua, na kama si hiyo basi ni ile ya kabla yake, maana hatukosi moja. Mwenye nyumba anapatikana amekufa, polisi wanashika mtu wa ndani, mke ama kijana wake ama ndugu, na kabla hata mshukiwa hajasomewa mashtaka Nairobi nzima imeshatoa hukumu. Jumamosi nilikuwa saluni Umoja nasukwa na hakukuwa na stori nyingine. Dada mmoja alikuwa anarudia klipu ya mshukiwa wa sasa, mke wa marehemu, akishuka ngazi za koti na loya wake, anaisimamisha, anaikuza kwa vidole, anatuonyesha uso. "Muoneni, macho makavu! Mimi bwanangu akifa hivyo mtaniokota chini." Saluni yote ikaitikia. Mwingine akaongeza eti hata kucha alikuwa amepaka, na mama aliyekuwa kwa draya akasema hapo sasa hakuna haja ya shahidi.

Imenikaa rohoni tangu siku hiyo na leo naisema.

Shangazi yangu alipofiwa hakulia. Siku ya mazishi alikuwa anahesabu sahani, anauliza kama watu wa tenti wamelipwa, anatuma vijana wakaongeze maji ya chai. Watu wa upande wa mjomba walikaa chini ya mti wakamwangalia siku nzima na jioni maneno yakaanza, eti alikuwa anangojea, eti kuna kitu anajua. Na mjomba alikufa na figo! Alikuwa anaenda dayalisisi miaka, kila mtu kwa hiyo boma alichanga pesa ya hospitali, hakuna siri yoyote hapo. Ila mjane mwenye macho makavu alitosha kuwafanya watu wazima watafute mkono wa mtu kwa kifo ambacho daktari alishakitangaza miezi kabla. Huyo mama alilia usiku kwa hiyo miaka yote ya hospitali, mimi nilikuwa nalala chumba cha pili na nilikuwa namsikia. Siku ya mazishi alikuwa amemaliza.

Tena tunasahau tunaishi mji gani. Magharibi na Nyanza kilio kinasikika mpaka kijiji cha pili na usipopiga nduru watu wanakushangaa. Eastleigh Muislamu akifa anazikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, na familia inaambiwa ivumilie, isipige mayowe. Kuna nyumba ambapo mjane anafundishwa na mamake kabisa kwamba usilie mbele ya watoto. Hawa wote wako Nairobi, wote wanaweza kujikuta mbele ya jaji mmoja, halafu sisi tunataka wote walie namna moja ndio tuwaamini?

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ilishafanyika na inajulikana mwisho wake. Australia, tarehe 17 Agosti 1980, familia ya Chamberlain ilikuwa imepiga kambi karibu na lile jiwe kubwa la Uluru. Usiku, mtoto wao wa wiki 9, Azaria, akapotea kwa hema. Mamake, Lindy, akasema ameona dingo, yule mbwa mwitu wa huko, akitoka kwa hema. Mama mwingine aliyekuwa kambini alisema alisikia mtoto akilia wakati Lindy alikuwa amesimama hapo nao, na hiyo peke yake ingefaa kumfanya kila mtu ajiulize mara mbili, maana upande wa mashtaka baadaye ulisema wakati huo mtoto alikuwa ashauawa. Wazee wenyeji wa huko, watu wanaosoma nyayo mchangani tangu utoto, walisoma nyayo za dingo karibu na hema. Uchunguzi wa kwanza mwaka wa 1981 ukakubali ni dingo, na aliyeuongoza akaruhusu uamuzi wake urushwe kwa TV moja kwa moja ili uvumi uishe.

Uvumi haukuisha. Lindy alikuwa ameongea kwa TV akiwa mtulivu, na hiyo ndio ilimmaliza. Walisema mama gani huyu, mbona hana machozi, mbona anaelezea mambo kama anaongea juu ya mtoto wa mtu mwingine. Wakaangalia nguo zake. Nguo, watu wangu! Kila akienda kotini wanajadili amevaa gauni gani na kama linamfaa mama aliyepoteza mtoto. Na kwa vile bwanake alikuwa mchungaji wa Sabato, wakaanza kusema dini yao inatoa watoto kafara jangwani. Wasabato! Hawa hawa tunaoishi nao, wanaofunga duka Ijumaa jioni na kuimba kwaya asubuhi Jumamosi. Huko hawakuwa wengi, watu hawakuwajua, kwa hivyo kila kitu kiliwezekana.

Kesi ikafunguliwa upya, na mwaka wa 1982 akashtakiwa Darwin kwa kumuua mtoto wake ndani ya gari. Mtaalamu alisema kwa gari kuna damu ya mtoto mchanga. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi: upande wa mashtaka wenyewe uliambia juri kwamba haudai kujua sababu ya huyu mama kuua. Haikuwepo. Hakuna mtu aliyeweza kusema kwa nini mama ambaye kila mtu kambini alimuona anampenda huyo mtoto angemchinja ndani ya dakika chache halafu arudi kula na wenzake. Lakini wale watu 12 wa juri walikuwa wameishi miaka miwili ndani ya hayo maneno ya kafara, ya macho makavu na magauni, kama tunavyoishi sisi ndani ya hizi klipu. Akapatikana na hatia tarehe 29 Oktoba, akafungwa maisha, akiwa mjamzito. Akakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa, majaji watatu kwa wawili, akashindwa.

Mwaka wa 1986 watu waliokuwa wanatafuta mwili wa mtalii aliyeanguka kwa hilo jiwe wakapata koti dogo la Azaria, lile ambalo Lindy alisema tangu mwanzo mtoto alikuwa amevaa na watu wakasema anadanganya. Lilikuwa sehemu yenye mapango ya dingo. Akaachiliwa. Ile "damu" ya kwa gari ikapimwa upya, ikaonekana sehemu kubwa yake ni dawa inayopulizwa na kiwanda chini ya gari kuzuia kelele. Hatia ikafutwa 1988, akalipwa fidia baadaye, na ni mpaka Juni 2012, miaka 32 baada ya ile usiku, ndio serikali ikaandika rasmi kwamba mtoto aliuliwa na dingo.

Miaka 32, na alikuwa ameshasema ukweli usiku wa kwanza.

Uingereza kuna Sally Clark, naye loya kabisa, watoto wake wawili wachanga walikufa na akafungwa 1999, daktari maarufu akiambia juri kwamba uwezekano wa vifo viwili vya kawaida kwa nyumba kama yake ni mmoja kwa milioni 73, hesabu ambayo haikuwa sawa. Aliachiliwa 2003 na akafa 2007.

Najua mtaniambia hiyo ni juri na sisi hatuna juri. Kweli. Kesi ya mauaji Kenya inasikizwa na jaji wa Mahakama Kuu peke yake, hata wale wazee watatu waliokuwa wanakaa naye kutoa maoni waliondolewa 2007. Jaji hatafungua simu yangu asome nimeandika nini. Sawa. Lakini shahidi je? Fikirieni mashahidi wa hizi kesi ni kina nani. Ni dada wa kazi. Ni soja wa geti, kijana wa boda, keateka wa ploti, jirani wa ukuta. Hao wako hapa na sisi, kwa grupu zile zile, wanaangalia TikTok ile ile. Dada wa kazi aliandika stetimenti wiki ya kwanza kwamba alisikia mlango, basi. Halafu kesi inavutwa miaka miwili, mitatu, na kila siku anasikia kwamba mama ndiye, kwamba walikuwa wanapigana kila usiku, kwamba kulikuwa na mpango wa kando. Akisimama kizimbani anakumbuka alichosikia usiku ule ama anakumbuka tulichomwambia sisi? Yeye mwenyewe hawezi kujua. Na loya mzuri akimuuliza maswali mawili matatu huo ushahidi unaanguka, na kama kweli yule mama aliua, tumemsaidia kutoka. Mnaotaka haki kwa marehemu hamjawahi kuifikiria hiyo.

Halafu hii maneno ya sababu. Bima, shamba, mwanamke mwingine. Nionyesheni ndoa moja Nairobi isiyo na deni, isiyo na ploti iliyoandikwa jina la mtu mmoja, isiyo na meseji iliyofutwa. Sote tukichunguzwa hivyo tuko na sababu ya kuua mtu. Sheria yetu ya Adhabu, sura ya 63, kifungu cha 9, inasema kilichomsukuma mtu kufanya kitendo si kitu cha kuangaliwa kwa kupima kama ana hatia, isipokuwa pale sheria imesema vingine. Wanachotafuta ni kitendo na nia mbaya. Haya, nakubali, ushahidi ukiwa wa mazingira tu, hakuna aliyeona, sababu inaweza kuongeza uzito. Lakini hata huo ushahidi wa mazingira uko na kipimo, tangu 1949 kwa kesi ya Kipkering arap Koske: ni lazima mambo yote yaelekee kwa mshtakiwa na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya maana. Yoyote.

Na kuna kitu kingine watu hawapendi kukisema. Sheria ya urithi, kifungu cha 96, inasema aliyemuua mtu harithi mali yake. Ni sheria nzuri. Ila inamaanisha mjane akipatikana na hatia, kuna mtu anasogea mbele kwa foleni. Sisemi shemeji wanasingizia, sisemi hivyo hata kidogo, nasema tu mkianza kuhesabu nani anafaidika msisimame kwa mke. Hesabuni mpaka mwisho. Mwisho wake mtajikuta mna familia nzima kwa orodha na hamna hata kisu.

CCTV haikurekodi? Kwa mji huu ambapo stima inapotea kila mara sitamfunga mtu na hiyo. Alinyamaza polisi walipomuuliza? Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyeshikwa haki ya kunyamaza, na mimi nikishikwa kesho nitanyamaza pia.

Lazima nikubali pia, na sikubali kwa raha, kwamba bila kelele zetu kesi zingine zingezikwa na mwenyewe. Januari 2024 wanawake walitembea kwa barabara za mji huu kwa sababu wenzao walikuwa wanauawa na mafaili yanalala, na mimi nilikuwa na wao kwa moyo wote. Polisi wetu tunawajua. Mwenye pesa akiua anaweza kutembea, hiyo si siri. Kwa hivyo pigeni kelele kesi isogee. Ulizeni faili iko wapi, mbona imeahirishwa tena, mbona ripoti ya DNA haijafika, mbona shahidi hajapewa ulinzi. Hizo ni kelele zina kazi. Kukuza uso wa mtu kwa simu hakujawahi kuleta ripoti kotini.

Kuna mtu ataniuliza kama namtetea muuaji. Mimi sijui kama yule mama aliua. Wewe pia hujui, na dada wa saluni hajui, na tuko hapa tunaongea juu ya mtu ambaye akipatikana na hatia kifungu cha 204 cha hiyo Sheria ya Adhabu kinaruhusu ahukumiwe kifo. Tangu kesi ya Muruatetu mwaka wa 2017 jaji halazimiki kutoa hiyo hukumu, na Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini bado iko kwa vitabu. Na watoto wake wako shule. Wanaenda asubuhi kwa basi na watoto wenzao ambao wamesikia nyumbani kwamba mama ya fulani aliua baba yao, wamesikia kutoka kwetu, si kutoka kwa jaji. Hao watoto wameshapoteza baba. Kama mama hakufanya, nani ataenda kuwatafuta awaambie pole?

Daktari aliyepasua maiti anatarajiwa kutoa ushahidi kesi ikirudi. Mimi nitaanza kusikiliza hapo, juu hapo ndipo kuna kitu cha kusikiliza: alikufa saa ngapi, jeraha ni la kitu gani, lilipigwa kutoka upande upi, nani alikuwa ndani ya nyumba saa hiyo na nani anaweza kuthibitisha. Kama majibu yote yatamwangukia yeye na hakuna maelezo mengine, basi afungwe, na nitaandika hapa hapa kwamba ni sawa afungwe.