Setilaiti na Mashua: Nani Aamue Maji ya Ghuba ya Winam Yachotwe Wapi?

Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu hadi Kisumu, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,400, ilhali mashua ya watafiti huchota maji katika vituo vichache tu kwa siku. Ndiyo maana rai ya kutazama kwanza picha ya setilaiti, kisha kuamua mashua ielekee wapi, ina uzito. Setilaiti mbili za Sentinel-2, mpango wa Ulaya wa kupiga picha za dunia, hupishana juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5, na pikseli zake (vidoti vinavyounda picha) ndogo kabisa ni za mita 10. Hivyo mtu aliye ofisini anaweza kuona tope la Mto Nyando linaishia wapi na mwani umetanda wapi.

Hata hivyo, picha huonyesha rangi, haionyeshi sumu. Mikrosistini, sumu inayotolewa na baadhi ya sianobakteria (bakteria wanaoonekana kama mwani), hugunduliwa kwa kupima maji yenyewe tu. Tope huvuruga makadirio ya klorofili, yaani rangi ya kijani inayoashiria wingi wa mwani, na gugumaji huakisi mwanga kama shamba lililostawi. Mawingu ya masika nayo yanaweza kuficha ghuba kwa majuma, na hata siku ya anga safi, utando wa mwani ulioonekana asubuhi huenda upepo wa alasiri ukausogeza. Upungufu wa oksijeni kilindini, ambao huua samaki vizimbani, hauonekani kabisa.

Linalonitia shaka zaidi, lakini, ni takwimu. Tukifuata kijani kila safari, wastani wa klorofili utapanda bila ziwa lenyewe kubadilika, na rekodi ya miaka mingi haitalinganishika tena. Wapo watakaojibu kwamba vituo vya kudumu navyo viliwekwa pale mashua ilipofika kwa urahisi, na wana haki; ila upendeleo usiobadilika angalau hauharibu ulinganisho wa mwaka hadi mwaka.

Kama bajeti ingeruhusu chupa 12 za sampuli, basi ningetenga 8 kwa vituo vya kudumu, siku ileile setilaiti inapopita, na 3 pale picha inapoonyesha utando. Moja iliyobaki ningeipeleka mahali ambapo picha inadai maji ni safi, na hiyo ndiyo ningeipigania isikatwe.