Kabla ya kuuza shamba la Ahero, hesabu saa

Wazazi wa Kisumu na Nakuru hutuuliza sisi tulio Marekani: mtoto asomee urubani uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, au aje huku kwenye kazi nyingi? Kazi zipo kweli. Ila anayeuza shamba Ahero ili alipe karo ahesabu saa za kuruka kwanza, mshahara baadaye.

Leseni ya kibiashara huku kwa kawaida huhitaji saa 250, lakini shirika la ndege halikupi kiti cha rubani msaidizi mpaka ufikishe 1,500. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Colgan Air ya 2009 karibu na Buffalo. Saa 1,250 zinazobaki wengi huzitafuta kwa kufundisha wanafunzi wapya. Mwalimu akiruka saa 70 kwa mwezi, ni mwaka mmoja na nusu.

Visa ndiyo inayokwamisha. Anayesoma kwa F-1, visa ya wanafunzi wa vyuo, kwa kawaida hupewa miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo. Sabini mara 12 ni 840. Ongeza zile 250, ni 1,090. Kibali kimeisha na saa 410 bado. M-1, visa ya mafunzo ya ufundi, ni finyu zaidi: kazi baada ya masomo haizidi miezi 6. Digrii ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa hushusha kiwango hadi 1,000, sawa, lakini hiyo ni karo ya chuo kikuu juu ya karo ya ndege. Mwenye green card, yaani ukaazi wa kudumu, asome tu, hesabu hii ya visa haimhusu.

Nyumbani ngazi ya kujengea saa ni kazi ya kurusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria na mizigo, pale Wilson, na ni nyembamba. Barua pepe hazijibiwi. Watu huenda ofisini wenyewe, tena na tena, mpaka mkuu wa marubani azoee sura. Usiende na logibuku, daftari la saa zako za kuruka, ambayo jumla zake hazilingani na kurasa. Usiache cheti cha afya wala cha kuruka kwa kutegemea vyombo kiishe ukisubiri, maana simu ya ghafla ya kazi haingoji mtihani.

Mimi ningesema: jenga saa Kenya, uje baadaye. Saa hizo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, huzihesabu zikiandikwa vizuri. Leseni ndiyo haihami nzima: kwa leseni ya Kenya utapewa ya binafsi tu, na ya kibiashara utafanya tena mtihani wa maandishi na wa angani. Hiyo pesa iwekwe kando mapema.