Kujificha mtandaoni ukiwa migombani

Tuseme wewe ni mkulima wa kahawa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Umegundua kwamba mizani ya chama chenu cha msingi cha ushirika imechezewa, na unataka kulisema hilo mtandaoni bila jina lako kujulikana. Unafungua akaunti feki, unaweka picha ya mgomba, unaandika kwamba siku ile ya mvua ulipeleka magunia mawili ukaandikiwa kilo pungufu. Kabla jua halijazama, wanaokunywa mbege, ile pombe ya ndizi, kilabuni wameshamaliza kazi. Siku ile ya mvua waliofika ghalani ni watatu. Mmoja hana simu, wa pili ni shemeji wa katibu. Umebaki wewe.

Hakuhitajika mtaalamu wa kompyuta hapo, na ndiyo sababu ushauri mwingi wa kulinda faragha huwa naona haumfikii mtu wa kijijini. Weka VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine; tumia Tor, mtandao unaoyazungusha kwenye kompyuta kadhaa ili usijulikane ulikotokea; badilisha neno la siri kila mara. Yote hayo yanakuficha kwa aliye mbali: kampuni ya California, tapeli wa mji mwingine, seva usiyoijua iliko. Kijijini anayekutafuta unachota naye maji mfongo mmoja, mfereji mmoja.

Kutojulikana ni suala la wingi wa watu. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambuliwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5, wakakuta kwamba ukijua mahali na saa alipokuwa mtu mara nne tu, unaweza kumtofautisha na wote waliobaki katika visa 95 kati ya 100. Hao ni mamilioni. Shuka sasa hadi kitongoji ambacho balozi anawajua watoto wote kwa majina, uone kama hizo mara nne zinahitajika.

Hata chombo chenyewe cha kujificha kinaweza kukuchongea. Desemba 2013, mwanafunzi wa Harvard alituma barua pepe ya uongo kwamba kuna mabomu chuoni ili mtihani uahirishwe. Alitumia Tor, na Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliangalia tu ni nani waliokuwa wakitumia Tor kwenye mtandao wa chuo saa ile, wakawakuta wachache, naye yumo. Kama Harvard walikuwa wachache, fikiria mnara mmoja kwenye tambarare ya Longido. Ukiwa peke yako na Tor pale, umevaa koti la mvua kiangazi.

VPN ni habari nyingine kidogo. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaoitumia wajisajili, mwisho ukiwa tarehe 30 ya mwezi huo. Kisha Mei 2025 mtandao wa X (zamani Twitter) ukafungiwa, na hata watu ambao hawakuwahi kulijua neno VPN wakaanza kuulizana ipi nzuri. Bila mtu kukusudia, katazo likatengeneza umati.

Kuna upande ambao wa kijijini ana nafuu, na hausemwi sana. Mnara wa simu wa mfumo wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, wakati katikati ya Arusha minara imesongamana na kila mmoja una eneo dogo. Kwa hiyo mnara wa porini unasema tu kwamba upo upande ule. Tena kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) kwa pamoja, na mara nyingi tovuti ya nje ikiitafuta anwani hiyo inapelekwa Dar es Salaam. Kwa macho ya tovuti hiyo, mtu wa Kibosho na mtu wa Kariakoo hawana tofauti.

Nafuu hiyo inaishia kwenye laini. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mtandao wa simu unakujua kwa kidole chako. Jirani naye anakujua kwa njia rahisi zaidi: anachukua namba iliyoandika kwenye kundi la WhatsApp, anaanza kama anayeitumia shilingi elfu moja kwa simu, jina kamili linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Anaghairi. Hajatumia hata senti. Nashangaa jinsi watu wanavyohangaika na anwani ya IP huku mlango huu uko wazi.

Milango mingine ni ya kawaida mno hata hatuioni. Simu inayoachwa dukani ichajiwe mchana kutwa. Fundi anayebadilisha kioo na kuomba umwachie neno la siri. Ujumbe wa sauti, ambao mtu wa Machame akiusikia anajua kwa lafudhi tu kwamba msemaji ametoka Rombo. Na picha. WhatsApp huondoa taarifa za GPS, zinazoonyesha ilipopigwa, ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili zinabaki humo humo. Hata zikiondolewa, mlima Kilimanjaro haufutiki. Ukiwa Moshi, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Ukiwa Rombo, Mawenzi ndicho kiko mbele yako. Ukiwa Sanya Juu, Mawenzi kimejificha nyuma ya Kibo. Aliyekulia huku anasoma picha hiyo kama anwani ya barua.

Wapo wanaosema: vizuri, basi kijijini pasiwe na kujificha kabisa. Hoja yao siidharau. Ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, humalizwa na watu wanaotazamana usoni, na mzee akikosea anaambiwa akiwepo. Akaunti isiyo na mwenyewe ikimwita bibi wa watu mchawi, bibi huyo anamjibu nani? Na kila aliyewahi kupokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” anaelewa kwa nini usajili wa laini ulipata watetezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayesambaza taarifa za uongo kwa makusudi.

Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo polisi waliyoitegemea kudai taarifa za watumiaji wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, na mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 kwa kutozitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuja baadaye, nayo inazibana taasisi zinazokusanya taarifa zako. Wanywa mbege haiwagusi.

Mimi nawatenganisha waandishi wasio na jina kwa kuangalia wanamwandika nani. Anayemficha jirani yake jina ili amtukane, simtetei. Anayeuandika mzani wa ushirika namtetea, kwa sababu katibu anaweza kumnyima malipo ya pili na mwenyekiti wa kijiji anaweza kumkalia barua ya utambulisho. Tatizo ni kwamba huyu ndiye kujificha kunamgharimu zaidi. Maneno yanayofanya watu wamwamini, magunia mawili na siku ya mvua, ndiyo yanayomtaja. Akiyaondoa amebaki na “mizani inaibia watu”, jambo linalosemwa kila msimu na halimtishi karani yeyote. Mtu wa Dar angeyaacha yote na bado akapotelea katika maelfu.

Njia ninayoiona ni kuazima wingi. Yakusanywe malalamiko ya wanachama kumi, tarehe zichanganywe, kilo zijumlishwe kwa msimu mzima, kisha aandike mtu mwingine asiye na gunia pale. Au wasubiri Desemba. Mabasi yakianza kupandisha watu kutoka Dar, kijiji kinafurika watoto wa nyumbani, kila mmoja na simu na bando, na orodha ya wanaoweza kuwa wameandika inakuwa ndefu mpaka katibu achoke kuihesabu. Ila na mwanawe katibu, yule anayefanya kazi za kompyuta mjini, naye atakuwa amekuja Krismasi.